Daftari la mwanao lina hodi

Mzazi mwenzangu wa Likoni, Kisauni au Changamwe, binti yako akijifungia chumbani na daftari, usikimbilie kudhani ni barua za mapenzi. Huenda anatunga hadithi.

Wengi wetu hufoka: "Hayo yatakupa kazi gani?" Lakini kosa kubwa zaidi, nionavyo mimi, ni kulisoma daftari hilo kisirisiri kisha kumsimanga mbele ya wageni. Fanya hivyo mara moja tu, na hutaonyeshwa tena lolote.

Kuandika kuna faida kwa afya. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, alichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza. Papo hapo walihuzunika. Lakini miezi iliyofuata, walioeleza matukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Hata Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani, tena juu ya karatasi za chooni.

Basi mpe daftari, kalamu na saa moja bila kutumwa dukani. Akikusomea, sikiliza hadi mwisho. Tahajia mwachie mwalimu. Ila ukisikia mistari ya kutaka kufa, usiseme ni usanii tu. Muulize waziwazi, kwa upole, na umfikishe kwa daktari au mshauri siku hiyo hiyo.