Mkono wa sweta si kichekesho: ukiuma, nenda hospitali

UE zimekwisha, bumu nalo limekwisha siku nyingi, kilichobaki ni mdomo tu. Leo naomba tuongelee kitu ambacho hosteli za wavulana kinaongelewa kwa utani peke yake: govi.

Najua kuna watakaosema "huyu jamaa wa Kahama kaanza tena". Sawa. Mimi ni mtoto wa Nyahanga, na kwetu Usukumani na Unyamwezini jando halikuwa mila. Mkurya anatahiriwa kwa mila, mtu wa pwani kwa mila na dini, lakini kwetu mwanaume aliweza kuoa na kuzeeka na govi lake bila mtu kumuuliza. Ukifika chuo mambo yanabadilika. Bafu ni la wote, macho ni ya wote, na jina unalopewa ni "mkono wa sweta".

Tunacheka, ila kicheko hiki kinaumiza watu kweli. Jamaa anayeona aibu kuwa na govi ataona aibu mara mbili kusema linamuuma. Matokeo yake anajitibu chumbani: anapasua kapsuli na kumwaga unga wake kwenye kidonda, au anapaka dawa ya chunusi ya rumeti. Siku akifika hospitali, kitu kidogo kimeshakuwa kikubwa.

Jamani, tuanze na yaliyo ya kawaida. Mtoto mdogo govi lake huwa limeshikana na kichwa cha uume. Si ugonjwa. Huachia lenyewe taratibu kadiri anavyokua, wengine hadi karibu na balehe. Mzazi, kaka, usilivute kwa nguvu! Likichanika linaweka kovu, na kovu ndilo linalolibana baadaye. Kwa mkubwa, kila siku vuta govi nyuma polepole, osha kwa maji, kausha, kisha ulirudishe mbele. Sabuni kali na dawa za kuua vijidudu zinawasha ngozi, usizitumie huko. Najua kwa ndugu zetu wa machimboni, vumbi siku nzima na maji ya kununua kwa dumu, ni kazi, lakini hata kikombe cha maji safi kinasaidia.

Sasa, lini umwone daktari? Ukiona wekundu, uvimbe, muwasho, harufu mbaya au majimaji yasiyoeleweka. Ukisikia maumivu wakati wa kukojoa. Ngozi ikichanika-chanika, au ikiwa nyeupe na ngumu. Govi lililokuwa linarudi nyuma vizuri likianza kugoma, hali ambayo madaktari wanaiita fimosisi. Kidonda, kinyama au damu usivisubirishe kabisa, maana vinaweza kuwa kaswende au kitu kingine, na saratani ya uume ipo ingawa ni nadra. Na kama maambukizi yanajirudia-rudia, omba upimwe sukari, kwa sababu kisukari wakati mwingine hujitokeza kwa njia hiyo.

Kuna moja halisubiri asubuhi: govi likirudi nyuma likakwama huko, kichwa kikaanza kuvimba. Hiyo inaitwa parafimosisi. Inakata mzunguko wa damu, hivyo nenda hospitali muda huo huo hata kama ni saa nane usiku. Mkojo ukigoma kutoka kabisa, hivyo hivyo.

Wapo watakaoniambia, "Si watahiriwe wote, yaishe?" Tohara mimi siipingi. Utafiti wa Orange Farm kule Afrika Kusini (2005), na wa Kisumu na Rakai uliotoka 2007, ulionyesha inapunguza kwa karibu 60% uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo wa 2007, na Tanzania ikaipeleka kwenye mikoa isiyo na mila ya jando, Shinyanga ikiwemo. Lakini 60% si 100%, kondomu iko pale pale, na baada ya tohara unakaa wiki 6 bila ngono. Pia govi lenye maambukizi linatibiwa kwanza, ndipo kisu kifuate kama kinahitajika. Fimosisi nyingine inaachia kwa krimu tu. Anayeamua hayo ni wewe na daktari aliyekupima. Wana wa block yenu hawahusiki.

Nawageukia walimu wenzangu watarajiwa. Wengi wetu tutapangiwa Shinyanga, Geita, Simiyu. Tutachora mchoro wa uume ubaoni, tutaweka majina, kengele italia, tutafuta. Wavulana watabaki hawajui hata namna ya kujiosha. Dakika 5 za kuwaambia haya hazitaharibu silabasi.

Na wewe uliyesoma huku umenyamaza kwa sababu unajijua: bima tunailipia, itumie. Kama unaona soni, omba mhudumu wa kiume, si kosa. Sema tu "nina tatizo kwenye govi", daktari ameshaona mengi, hatacheka.

Wanaocheka ni sisi, na tunaweza kuacha. Naomba kutoa hoja.