Ng'ombe wa Shosho Alikufa Karibu na Chanjo Yake

Wasee, leo naongea kuhusu kupe. Usipite kwanza.

Shosho wangu anaishi Kikuyu. Ukipanda matatu kidogo tu uko Muguga. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Malkia, na hayo maziwa ndiyo yalikuwa yananilipia chuo. Siku moja tezi chini ya sikio zikavimba. Homa ikapanda, akaacha kula, mwishowe akawa anapumua kwa shida na povu linatoka puani. Daktari wa mifugo akasema ni ndigana kali, na dawa tumeichelewesha. Muhula uliofuata sikurudi. (Sina kinyongo na chuo, mniache.)

Kilichoniuma nilikijua baadaye. Chanjo ya huo ugonjwa iliundwa hapo hapo Muguga, miaka ya 1970! Ng'ombe anadungwa vimelea hai pamoja na antibiotiki ya kuvidhibiti, na inafanya kazi poa. Shida ni kuifikisha kwa boma. Lazima ikae kwa mtungi wa nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sufuri. Kimrija kimoja kina dozi kama 40, na ukishaiyeyusha unaitumia siku hiyo hiyo. Sasa shosho na Malkia wake atatoa wapi wengine 39? Kuitengeneza kwenyewe kunahitaji kupe hai na ng'ombe wa kuambukizwa. Siku hizi hiyo kazi inafanyika Lilongwe, Malawi.

Hapo ndipo protini zinaingia, na hii sehemu mimi huipenda sana. Kimelea kinaitwa Theileria parva na kinakuja na mate ya kupe. Hakitoboi seli nyeupe ya damu. Kinajibandika tu, halafu utando wa seli unakifunika kama zipu. Kikishaingia, kinailazimisha seli igawanyike bila breki, karibu kama saratani, na chenyewe kinagawanyika nayo. Usoni kina protini inaitwa p67. Kingamwili zikiishika hiyo, kwa maabara, kimelea kinashindwa kuingia. Yaani umefunga mlango kabla mwizi hajafika sebuleni. Na protini unaweza kuitengeneza bila kupe hata mmoja.

Hii kazi ilifanywa Kabete, kwa taasisi ambayo sasa ni ILRI, ile ya njia ya Uthiru. Jeni ya p67 ilielezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla nizaliwe. Walipoijaribu kwa ng'ombe, visa vikali vilipungua karibu nusu. Nusu haitoshi kuuza chanjo, sawa. Lakini ni sababu ya kuongeza pesa, si ya kuzoea.

Maoni yangu ni haya: hakuna kampuni kubwa itakimbilia hii kitu, juu mnunuzi ni shosho mwenye ng'ombe mmoja. Basi ni kodi yetu ilipe. Serikali ikisema "ubunifu kwa vijana" inamaanisha programu za simu tu, na sisi tunapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Shosho amenunua ndama. Wikendi hii nazunguka kwa majirani nikihesabu ng'ombe. Tuko 23. Tukifika 40 napigia daktari alete mtungi.