Ndugu wawili wa Schenectady na mvua ya mawe ya Kericho

SAFU: KIBARAZA CHA MAJANI
Na Arap Majani

Mkulima wa chai kati ya Kericho na Bomet haogopi kiangazi kama anavyoogopa saa tisa alasiri. Asubuhi jua limewaka, makapu yamejaa, kina mama wanataniana kwenye mistari. Ikifika saa nane wingu limevimba, na nusu saa ya mvua ya mawe ikipita, majani yaliyobaki kichakani yamechanika hadi karani wa kituo cha kununulia anayaangalia na kutikisa kichwa. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliwahi kuitaja Kericho kuwa mahali panapopigwa na mvua hiyo kuliko kwingine kokote, siku 132 kwa mwaka kwa wastani.

Vijana wengi hapa hawajawahi kuambiwa kwamba katika miaka ya 1960 mawingu hayo yalipigwa kwa roketi. Roketi kweli, zenye baruti, zikirushwa kutoka mashambani na kulipukia ndani ya wingu. Jaribio lilidumu miaka minne, na mwaka 1968 mtaalamu wa hali ya hewa H. W. Sansom akachapisha ripoti yake. Baada ya roketi zikaja ndege za kampuni ya Atmospherics Incorporated ya Fresno, California, zikiyafukizia mawingu iodidi ya fedha. Hesabu yao ilikuwa kwamba maji ya wingu yakipata punje nyingi za kugandia, yatagawanyika kuwa barafu ndogondogo itakayoyeyuka njiani, badala ya mawe makubwa yanayotua kwenye chai.

Mimi ni msomaji wa hadithi za sayansi za kale, na iodidi hiyo ndiyo iliyonifanya niyasome majarida ya zamani upya, mguu mmoja ukiwa Kericho. Aliyegundua kazi yake mawinguni ni Bernard Vonnegut, Novemba 1946, katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikamwajiri mdogo wake, Kurt, aandike habari za kuyasifu maajabu yake. Mkubwa anachezea mawingu, mdogo anayatangaza, na akitoka kazini anaandika hadithi.

Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka katika jarida la Collier's, toleo la 11 Februari 1950. Ni habari ya profesa aliyevumbua namna ya kusogeza na kuvunja vitu kwa nguvu za akili, jeshi likataka kumgeuza silaha, naye akatoroka. Utaipata leo katika mikusanyo ya vitabu, imepigwa pasi na kunyooshwa. Nakushauri uisome ilivyotoka, ukurasa wa jarida kama ulivyopigwa picha, pamoja na matangazo ya magari na majokofu. Matangazo yanaahidi kwamba mashine italeta raha nyumbani, na katikati yake mwajiriwa wa kampuni ya umeme anauliza mashine hizo zitakuwa mikononi mwa nani. Ukiing'oa hadithi humo, inabaki ndoto ya mtu mmoja. Ukiiacha humo, unasikia mabishano ya mwaka 1950.

Hugo Gernsback aliyaanza mabishano ya aina hiyo alipotoa jarida la Amazing Stories Aprili 1926, kwa senti 25, miaka ileile kampuni kubwa zilipokuwa zikifyeka misitu ya Kericho kupanda chai. Alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao, wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe, kubishana na hata kumkosoa yeye. Hadithi nyingi humo ni mbovu, nisikudanganye. Barua ndizo tamu.

Turudi kwa Kurt. Mwaka 1952 alitoa riwaya yake ya kwanza, Player Piano, aliyoipata kiwandani mwa General Electric alipoona mashine ikichonga chuma kwa kuongozwa na kompyuta. Miaka miwili baadaye wachapishaji wa Bantam waliibadilisha jina, wakaiita Utopia 14. Maneno ni yaleyale, lakini jalada linampa msomaji ruhusa ya kuamini kwamba mambo hayo yako mbali. Hayakuwa mbali hata siku ile.

Humo kuna fundi mzee, Rudy Hertz. Wahandisi walimchagua kwa sababu mikono yake ilikuwa bora kuliko yote kiwandani, wakairekodi kwenye utepe, na utepe ukaendesha mashine bila yeye. Paul Proteus, mmoja wa waliomrekodi, anamkuta miaka mingi baadaye baani. Mzee hana kinyongo. Anafurahi kwamba alichaguliwa, na anatia sarafu kwenye piano inayojipiga ili amburudishe bwana mkubwa. Waliobaki bila kazi mjini humo wanaajiriwa na serikali kuziba mashimo ya barabara. Aliyepitia mpango wa serikali wa Kazi Mtaani wa mwaka 2020 atacheka kidogo hapo.

Ukiufunga ukurasa huo, nenda katazame mashine ya kuchumia chai ikifanya kazi. Watu wawili wameishika huku na huku, mfuko unafuata nyuma umevimba, na kisu kinapita juu ya kichaka bila kuuliza lipi ni chipukizi na lipi ni jani gumu. Mchumaji wa mkono huchagua kwa kidole gumba kabla jicho halijaamua. Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho, na magazeti yakaripoti kana kwamba ugomvi wa mashine umezuka wiki ile. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kilikuwa kimezipinga mashine hizo miaka mingi. Kurt Vonnegut alikuwa amekwisha kuandika, miaka 71 nyuma, jinsi watu wanavyovunja mashine usiku na kesho yake wanaanza kuzitengeneza, kwa sababu mikono inataka kazi. Sidhani kuna ripoti ya kamati iliyolisema jambo hilo vizuri zaidi.

Mwaka 1963, roketi za Kericho zikiwa zinaanza enzi zao, Kurt akatoa Cat's Cradle, riwaya ya punje moja ya barafu inayogandisha kila maji inayoyagusa. Alisimulia mwenyewe kwamba wazo lilikuwa la Irving Langmuir, mwanasayansi wa maabara ileile, aliyempelekea mwandishi H. G. Wells, naye Wells asilitumie. Wote wawili wakafa, Kurt akaliokota.

Hata yeye hakuthubutu kubuni kilichokuja kuandikwa kuhusu hapa kwetu. Mwaka 1982 Russell Schnell na Suki Tan-Schnell walichapisha utafiti kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza chini ya vichaka lina uwezo mkubwa wa kugandisha maji ya wingu. Wachumaji wanapopita kwenye mistari wanalitibua, linapanda, na huenda linasaidia kuzaa mvua ya mawe. Yaani chai inajiitia kipigo, kwa miguu ya wanaoichuma!

Kwa Kiswahili tunayo Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo aliyehukumiwa kufa anarushwa angani ndani ya chombo. Shuleni tunaisoma kama fumbo la siasa tu, chombo chenyewe tunakipita kama matatu isiyo yetu. Nadhani ndiyo maana roketi za Kericho hazijapata mwandishi: tumezoeshwa kwamba mitambo katika hadithi ni pambo. Ripoti za Sansom na Schnell zipo, zinapima mawe na vumbi. Hazimtaji mama aliyekuwa kwenye mstari wakati anga lilipolipuka, wala alichowaambia watoto jioni. Waliokuwa vijana mashambani miaka hiyo sasa wana umri wa miaka themanini na kitu, Konoin, Kapkatet, Litein. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga wana simu za kurekodi na nauli ya kufika huko haizidi bei ya kitabu.