Mawe huchambuliwa kwenye mchele, si kwenye wali

Huku Ifakara jua limerudi, matope bado yapo, na mimi ndo kwanza nimetoka kwenye testi ya anatomia nikiwa hoi. Kwa hiyo leo hakuna stori za wodini. Leo naongelea redio, na nina dukuduku langu.

Mnakumbuka mwaka 2024 Mto Lumemo ulivyoingia mjini. Tangu hapo kila tukikaa hosteli tukaanza kuongelea maafa, mazungumzo yanaishia palepale: "tuchange tununue redio koli." Wazo zuri, sipingi. Mnara wa simu ukikosa umeme, simu yako inabaki tochi. Ninachopinga ni namna tunavyochagua. Kila mtu anauliza ina wati ngapi. Hakuna anayeuliza inachuja vipi.

Mwezi jana mzee mmoja fundi, ana leseni ya redio ya ridhaa ya TCRA, alinipa redio koli yake ya bei chee nisikilize tu. Yeye akaenda shambani kwake, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, akawa anaita kwenye bendi ya mita mbili, yaani megahezi 144 hadi 146. Mimi nikasimama mjini, karibu na mnara wa FM. Wapi! Kimya kabisa. Nikatembea kuelekea nje ya mji, na kadiri mnara unavyobaki nyuma ndivyo sauti ya mzee inavyokuja. Mwishoni namsikia mpaka anavyokohoa. Redio ni ileile, betri ileile.

Mwenzangu wa chumba akasema, "Daktari, tatizo antena, weka ndefu." Tukaweka ndefu. Ikawa mbaya zaidi! Hapo ndo nikarudi kwa mzee. Shikamoo, marahaba, akacheka. "Kijana, hiyo redio si kiziwi. Inapigiwa kelele."

Iko hivi. Stesheni za FM zinakaa megahezi 88 hadi 108, na mnara unarusha kwa nguvu nyingi mno kuliko wati 5 za redio ya mkononi. Redio nyingi za bei rahisi mlango wake wa mbele hauna chujio la maana: kila kinachonaswa na antena kinaingia, kinakuzwa, na hatua ya kwanza inaelemewa. Ndani kabisa lipo chujio jembamba la kutenganisha chaneli, upana wa kilohezi 12.5 au 25 hivi, na linafanya kazi yake vizuri tu. Ila limechelewa. Sauti ya mzee imeshavurugwa kabla haijafika pale. Na antena ndefu inaleta mzee zaidi, na mnara zaidi pia.

Sisi wa Kilombero tunaokula mpunga tuelewane kwa lugha ya jikoni: mawe huchambuliwa kwenye mchele. Ukishapika wali, utachambua kwa meno.

Dawa tuliyotumia ni kipande cha waya wa koaksia kilichoungwa ubavuni mwa waya wa antena, ncha ya mbali ikiachwa wazi. Urefu wake, gawanya 4,950 kwa megahezi za stesheni inayokusumbua, unapata sentimita (ni kwa waya wenye plastiki ngumu ndani). Megahezi 98 inatoka sentimita 50 na ushee. Kipande hicho kinaifyonza stesheni ile kabla haijaingia redioni. Kwa kusikiliza tu lakini, usirushe nacho. Nikasimama tena palepale chini ya mnara, na mzee akasikika. Si safi kama shambani, ila maneno yote niliyapata.

Najua kuna mtakaosema chujio linapunguza na ile mawimbi unayoitaka. Kweli, linapunguza kidogo. Na ukiwa porini kule Mlimba, mbali na minara, huenda usilihitaji kabisa. Lakini fikirieni: maji yakija, kituo cha kuratibu kitawekwa wapi? Mjini, karibu na hospitali, na minara nayo iko mjini. Yaani anayetakiwa kusikia kuliko wote ndiye atakayekuwa kiziwi. Wa kijijini ataita na wati zake zote, na mjini watadhani kule shwari.

Kwa hiyo rai yangu kwa wanaochangisha: wati ni za kusema, chujio ni la kusikia. Kabla ya kulipa, nenda na redio moja chini ya mnara, mtu mwenye leseni aite kutoka ng'ambo. Ikimsikia, toa hela. Isipomsikia, irudishe dukani hata kama imeandikwa wati mia.

Nawasilisha. Ngoja nikapike, bumu lenyewe halijatoka.