Mfagiaji Hafagii Kilichoshikwa

Miongoni mwetu tunaojifunza kutunga programu za kurasa za intaneti husikika neno hili: "Usijisumbue na kumbukumbu ya kompyuta, JavaScript hujisafisha yenyewe." Mimi silikubali.

Ni kweli yumo mfagiaji ndani ya lugha ile. Wazo lake ni la zamani kuliko intaneti; John McCarthy wa Marekani alilieleza kwa lugha ya Lisp mwaka 1960. JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995, ikalirithi. Mwenye kuandika kwa lugha ya C hana budi kuomba nafasi na kuirudisha mwenyewe. Sisi tumeondolewa taabu hiyo.

Lakini tutazame afanyavyo kazi. Huanzia kwenye mizizi, yaani majina ya programu nzima na yale ya kazi inayoendelea wakati huo. Kutoka hapo hufuata kila kamba mpaka kitu kingine, na kutoka hicho mpaka kingine, akitia alama apitapo. Kisicho na alama hufutwa. Hata vitu viwili vilivyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe, kama havishikwi na mzizi, huondoka.

Basi mfagiaji haulizi kama kitu chafaa. Huuliza kama chafikika. Ukiweka setInterval ifanye kazi kila sekunde, usiite clearInterval, vyote ilivyoshika hukaa mpaka ukurasa ufungwe. Orodha ya programu nzima inayoongezwa kila ujumbe uingiapo, nayo haipungui kamwe. Atajuaje mfagiaji kwamba umekwisha kuichoka?

Wapo wasemao ati kompyuta za leo zina kumbukumbu tele. Tele kwa nani? Wazazi wetu wengi hufungua kurasa kwa simu ndogo. Ukurasa ukiijaza simu hiyo hufungwa ghafula, naye mzazi hudhani ameiharibu yeye.

Nawaomba walimu wa kompyuta: ukurasa wa mwanafunzi usipewe alama zote mpaka umeachwa wazi kipindi kizima cha dakika 40, na kumbukumbu yake ipimwe mwanzo na mwisho, kila mara baada ya kumwamuru mfagiaji apite. Chombo cha kupimia kimo ndani ya Chrome, wala hakilipiwi senti. Sisi wa Kidato cha III tu tayari kupimwa kwanza.