Tumbo la Mtoto ni Dogo

UKURASA WA AFYA

Mwezi huu tuzungumze juu ya uji wa mtoto. Labda utasema, "Uji naujua. Nimepika uji tangu nikiwa msichana." Ni kweli. Lakini jiulize maswali mawili. Je, uji unaompa mtoto wako ni chakula au ni maji? Na je, unampa mara ngapi kwa siku?

Tutatoa mifano ya Kibamba, kando ya barabara ya Morogoro. Zamani Kibamba ilikuwa mashamba ya mihogo na miembe. Siku hizi nyumba ni nyingi na mashamba ni machache. Mama wengi huondoka alfajiri kwenda sokoni, kwenye genge au kazini. Mtoto hubaki na bibi yake au na dada wa kazi. Uji hupikwa asubuhi, hutiwa katika chupa ya chai, na mtoto hunywa huo huo mpaka jioni.

Jioni mama anarudi. Anauliza, "Mtoto amekula?" Anajibiwa, "Amekula, amemaliza uji wote." Mama anafurahi. Lakini kila mwezi mtoto akipimwa, uzito ni ule ule. Kwa nini?

MTOTO AMESHIBA MAJI

Tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa kilo 8 hushiba kwa chakula kiasi cha kikombe kimoja cha chai, yaani robo lita hivi. Ukilazimisha zaidi, atatapika.

Sasa angalia kikombe hicho. Ukikijaza uji mwepesi, ndani yake mna unga kidogo tu. Kilichobaki ni maji. Mtoto anashiba, ananyamaza, analala. Lakini mwili wake haukupata nguvu ya kutosha wala vitu vya kuujenga.

Mtu mzima anaweza kula ugali mara mbili kwa siku akaenda shambani. Tumbo lake ni kubwa. Mtoto hawezi. Kwa hiyo mtoto anahitaji mambo mawili: chakula kizito, na kula mara nyingi.

Pima uji wako hivi. Chota uji kwa kijiko, kisha kiinamishe kijiko. Uji ukimwagika kama chai, huo ni mwepesi mno. Uji mzuri hukaa kwenye kijiko na kudondoka polepole.

AMEBEMENDWA?

Katika pwani yetu, mtoto akikonda watu husema, "Amebemendwa." Maana yake ni kwamba baba au mama amekwenda nje ya ndoa, au wamekutana wakati mtoto bado ananyonya. Mama anaona haya. Anaogopa kumpeleka mtoto kliniki, kwa kuwa majirani watamsema. Anamfungia ndani, anatafuta dawa za mizizi. Siku zinapita. Mtoto anazidi kukonda, na wengine hufa.

Ndugu msomaji, wazee wetu hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mama akipata mimba upesi, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa mapema na kudhoofika. Walitaka watoto wapishane. Jambo hilo ni jema hata leo. Wakunga na waganga wa zahanati watawaeleza njia za kupanga uzazi.

Lakini kinachomkondesha mtoto si kukutana kwa baba na mama. Humkondesha njaa. Humkondesha kuhara, malaria, kifua kikuu au ugonjwa mwingine. Mambo hayo yana matibabu. Basi tusimcheke mama ambaye mtoto wake amekonda. Tumsindikize zahanati. Kicheko chetu kinaweza kumwua mtoto.

CHAKULA SHAMBANI SI CHAKULA TUMBONI

Wengine hudhani kwamba mtoto hukonda kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Mara nyingine ni kweli, lakini si kila mara. Tuangalie Mkoa wa Iringa. Iringa ni moja ya mikoa inayolima mahindi kwa wingi. Lakini upimaji wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kudumaa ni kuwa mfupi kuliko umri wako, kwa sababu mwili na akili havikupata chakula bora kwa muda mrefu. Katika nchi nzima, walikuwa watoto 30 katika kila 100.

Iringa hiyo hiyo iliwahi kutufundisha jambo. Kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 vya mkoa huo vilianza mpango wa lishe, vikisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi wao. Kisha wanakijiji walikaa na kuulizana: Mtoto huyu amekonda kwa nini? Nani anamlisha mama akiwa shambani? Vijiji vingi vikaanzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto wakati wa kazi. Mpango ulipoanza, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito mdogo. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wamepungua hadi chini ya watoto 40 katika kila 100.

Kwa hiyo ghala likijaa, kazi bado haijaisha. Lazima chakula kitoke ghalani kifike tumboni mwa mtoto, kila siku. Na kazi hiyo ikilegezwa, watoto wanaozaliwa baadaye hudhoofika tena.

MARA NGAPI KWA SIKU?

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Asipewe maji wala uji. Baada ya hapo aanze kula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Mama mwenye virusi vya UKIMWI atumie dawa zake kila siku na afuate maelezo ya kliniki juu ya kunyonyesha.

Mtoto apewe chakula hivi:

Miezi 6 hadi 8: mara 2 au 3 kwa siku. Anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula. Ongeza polepole mpaka nusu kikombe.

Miezi 9 hadi 11: mara 3 au 4 kwa siku, nusu kikombe kila mara.

Mwaka 1 hadi miaka 2: mara 3 au 4 kwa siku, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima.

Katikati ya milo, mpe kitu kidogo mara moja au mbili. Ndizi mbivu, kipande cha papai, embe au kiazi kilichopondwa vinatosha. Mtoto ambaye hanyonyi tena aongezewe milo.

Mtoto awe na sahani yake. Akila sahani moja na kaka zake, wakubwa watamaliza yeye akiwa bado anatafuna.

UNENE WA UJI NA KIMEA

Sasa mama atauliza, "Nikiuzidisha unga, uji unakuwa mzito kama ugali. Mtoto hawezi kumeza. Nifanyeje?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni kimea.

Wazee wetu walikijua kimea siku nyingi. Walikitumia kutengenezea togwa na pombe. Katika miaka ya 1980, wataalamu wetu wa lishe walikichunguza kwa ajili ya uji wa watoto. Waliona kwamba nafaka inapoota, ndani yake hutokea kitu kinachokatakata wanga. Ukitia unga wa kimea kidogo katika uji mzito, uji hulainika. Maji hayakuongezwa. Unga ni ule ule, ila sasa mtoto anaweza kuumeza.

Tengeneza kimea hivi:

1. Chagua ulezi safi. Tupa punje zilizooza au zenye ukungu. Osha vizuri.

2. Loweka katika maji safi usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji.

3. Tandaza ulezi kwenye ungo safi, funika kwa kitambaa kilicholowa maji. Acha siku 2 au 3 mpaka uote. Nyunyizia maji safi usikauke. Ukiona ukungu, tupa wote.

4. Anika juani mpaka ukauke kabisa. Sugua kwa mikono, pepeta uondoe vichipukizi. Kisha saga.

Ulezi ndio bora kwa kazi hii. Vichipukizi vya mtama vina sumu, havifai kuliwa.

Tumia kimea hivi. Pika uji mzito mpaka uive. Epua, uache upoe kidogo. Usitie kimea uji ukiwa unachemka, kwani moto mkali huiharibu nguvu yake. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache utaona uji umekuwa laini. Sasa urudishe motoni uchemke tena, ili vijidudu vife. Upoe, mpe mtoto.

UJI PEKE YAKE HAUTOSHI

Unga wa mahindi au wa muhogo hutia nguvu. Lakini haujengi mwili vya kutosha. Ongeza kitu cha kujenga mwili: karanga zilizosagwa, kunde au choroko zilizopondwa, dagaa waliosagwa, yai au maziwa. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta au tui la nazi. Mtoto akianza kula vyakula vingine, mpe pia mchicha, matembele, au kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sana.

Siku hizi mashine nyingi za Dar es Salaam husaga "unga wa lishe." Watu huchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya na karanga pamoja. Wataalamu wa lishe hawashauri jambo hilo. Kila nafaka huiva kwa muda wake, na soya huhitaji moto mwingi. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka, unga huharibika upesi. Ni afadhali utumie unga wa nafaka moja, kisha utie karanga au dagaa wakati wa kupika.

Jihadhari na ukungu. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri hupata sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sumu haiondoki kwa kupika. Karanga chungu au zilizobadilika rangi zitupe.

UJI WA KUTWA

Tumrudie yule mtoto aliyeachwa na bibi. Uji unaokaa vuguvugu kutwa nzima huzaa vijidudu. Mtoto huhara, na kuhara humkondesha. Afadhali bibi apike uji kidogo kidogo. Kama haiwezekani, uji uliolala uchemshwe mpaka utokote kabla ya kumpa. Usitumie chupa ya kunyonyea, kwa sababu ni vigumu kuisafisha. Tumia kikombe na kijiko. Mlishaji anawe mikono kwa sabuni, na mtoto pia.

Baba, hapa una kazi. Usiseme uji ni mambo ya wanawake. Kuni au mkaa, fedha ya dagaa, na nauli ya kliniki ni juu yako pia. Ukiwa nyumbani, chukua kijiko umlishe mwanao.

DALILI ZA HATARI

Peleka mtoto kliniki kila mwezi. Tazama mstari kwenye kadi yake. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala, kuna shida, hata kama mtoto anacheza. Mstari ukishuka, hiyo ni hatari.

Mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ulio chini ya sentimita 11 na nusu ni dalili ya utapiamlo mkali.

Tazama pia miguu. Ibonyeze miguu yote miwili kwa dole gumba, uhesabu mpaka tatu. Likibaki shimo, mtoto anaweza kuwa na kwashakoo. Usiseme amenenepa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 wananchi walikusanyika kuzunguka redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 wakakusanyika tena katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Nasi tufanye hivyo. Msomee jirani asiyejua kusoma ukurasa huu. Kisha ingia jikoni, chota uji kwa kijiko, utazame.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto anaweza kushiba na bado akakonda?

2. Mtoto wa miezi 10 apewe chakula mara ngapi kwa siku?

3. Kwa nini uji huchemshwa tena baada ya kutiwa kimea?

4. Katika mtaa wenu, nani huwalisha watoto wakati mama zao wako kazini? Mnaweza kuwasaidia namna gani?