Wakala anapobadilika, mfanya usafi huanza upya

MFANYA usafi katika ofisi moja mjini Bukoba hupokea maagizo kila asubuhi kutoka kwa meneja wa ofisi hiyo. Meneja ndiye anayempangia zamu na ndiye anayemkaripia anapochelewa. Lakini mwisho wa mwezi mshahara wake hutoka kwa kampuni ya wakala yenye makao Mwanza au Dar es Salaam. Akidai likizo au akiachishwa kazi, kila upande humwelekeza kwa mwenzake.

Hiyo ndiyo ajira ya kupitia wakala, inayowagusa walinzi, wafanya usafi, madereva na vibarua, Bukoba na Muleba kama kwingineko nchini. Waajiri huipenda kwa sababu zinazoeleweka. Huwapunguzia shughuli za utawala, na kazi za msimu, kama za kahawa, hazihitaji watu wale wale mwaka mzima. Hoja hiyo ina uzito, ila usafi wa ofisi hauna msimu.

Mwaka 2014 Serikali, kupitia Wizara ya Kazi na Ajira iliyokuwa chini ya Waziri Gaudensia Kabaka, ilitoa kanuni zilizomtaka wakala amuunganishe tu mtafuta kazi na mwajiri, asijifanye mwajiri. Hata hivyo, kampuni inayouza huduma ya ulinzi au usafi kwa kutumia wafanyakazi wake yenyewe haihesabiwi kuwa wakala wa ajira. Mpaka kati ya hao wawili ni mwembamba, na wengi hupita hapo.

Athari yake inaonekana katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yule yule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Watunga sheria waliona mbali, kwani kukata mikataba vipande vya miezi mitatu mitatu hakumsaidii mwajiri kukwepa. Lakini zabuni inapokwisha na wakala kubadilishwa, mfanya usafi hubaki na ufagio ule ule na meneja yule yule, huku makaratasi yakionyesha mwajiri mpya. Hesabu huanzia sifuri. Anaweza kutumikia jengo moja miaka mitano na bado akaitwa mgeni.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Je, zizi la mfanyakazi huyu ni lipi?

Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inatoa mwanga. Katika kumtambua mwajiriwa, hutazama hali halisi kuliko jina la mkataba: nani anaongoza kazi, nani anapanga saa, nani anatoa vifaa. Hoja hizo zinaweza kufikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), yenye ofisi Bukoba. Ila dai la kuachishwa kazi lina siku 30 tu, na madai mengine siku 60. Mfanyakazi wa Muleba akizimaliza siku hizo akimpigia simu wakala aliye mbali, itambidi kwanza aombe kibali cha kufungua shauri nje ya muda.

Kwa hiyo mfanyakazi na atunze mkataba, hati za mshahara na taarifa za michango yake ya NSSF. Halmashauri na taasisi zinazotangaza zabuni, nazo ziweke sharti kwamba mzabuni mpya atawapokea wafanyakazi waliopo pamoja na miaka yao ya utumishi. Zabuni ni ya kampuni, lakini miaka hiyo ni mali ya aliyeifanyia kazi.